Kitundu Kisichoonekana

Fundi wa kuchomelea alumini anaweza kukabidhi mshono unaong'aa juu huku ndani umejaa vitundu. Je, ana hatia kwa kasoro ambayo mteja hataiona? Nasema anayo, na ushahidi umo katika metali yenyewe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ikiwa majimaji hubeba haidrojeni takriban mara 20 ya ile inayobeba ikishaganda. Mshono unapopoa, gesi isiyowahi kutoka hunaswa na kuacha matundu. Haidrojeni hiyo huletwa na unyevu, mafuta na utando wa oksidi unaofyonza maji, vitu ambavyo fundi anaweza kuviondoa kabla ya kuwasha moto: afute grisi kwa asetoni, asugue kwa burashi ya chuma cha pua isiyotumika kwa metali nyingine, atunze waya wa kujazia pakavu, akague mpira wa gesi ya agoni. Kasoro, basi, huanzia kwenye maandalizi, na kujiandaa ni hiari.

Atapinga mtu kwamba hata viwango vya kazi huruhusu vitundu kiasi. Kweli, lakini viwango husamehe kinachobaki baada ya juhudi. Havisamehi juhudi iliyoachwa. Mwingine atasema eksirei itavifichua vitundu hivyo. Ngazi na mageti ya mitaani hayapigwi eksirei. Yanasimama juu ya amana, na Uislamu na Ukristo vyote hufundisha kwamba Mungu huona kilichofichwa. Hata fundi asiyeamini hilo ajue kuwa anayepanda ngazi ile amemkabidhi uhai wake. Fundi, futa mafuta kwanza.