Jibu Ambalo Halijafika

Programu ya kawaida hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Moja ikikawia, zilizo nyuma yake hukaa foleni. Programu isiyosimama kusubiri hutuma ombi, huacha maelekezo ya nini kifanyike jibu likija, kisha huendelea na kazi nyingine. Katika JavaScript, jibu linalongojwa hushikwa na kitu kiitwacho ahadi, kilichoingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2015. Ahadi ina hali tatu: inasubiriwa, imetimizwa au imekataliwa. Ikishatoka katika hali ya kwanza, hairudi tena.

Hali hiyo ya kwanza inagusa swali kongwe. Aristotle aliuliza kama kauli kwamba kesho kutapiganwa vita baharini ni kweli au uongo leo hii. Ikiwa ni kweli tangu leo, vita havikwepeki, na kushauriana ni kazi bure. Kwa jinsi wengi wanavyomsoma, alijibu kwamba vita ama vitakuwapo au havitakuwapo, ila bado haijaamuliwa kipi. Waliobuni ahadi za kompyuta wanaonekana kumuunga mkono, ingawa huenda hata hawakumkumbuka.

Lakini mfanano huo unadanganya, na M-Pesa ya Kenya inaonyesha kwa nini. Duka la mtandaoni likiomba malipo, hujibiwa papo hapo kwamba ombi limepokewa. Hayo bado si malipo. Simu ya mteja humwomba PIN, na matokeo hutumwa baadaye kwenye anwani iliyotolewa na duka: 0 ikiwa amelipa, 1032 ikiwa ameghairi. Taarifa hiyo ikipotea njiani, pesa zitakuwa zimeshahama na mteja ameshapata meseji, huku programu ya duka ikingali inasubiri. Hapo hakuna la kesho lililobaki kuamuliwa. Jambo limekwisha kutokea; kinachokosekana ni habari zake.

Uzito huo wa habari si jambo geni: mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alieleza kwamba, kati ya kompyuta mbalimbali, tukio huhesabiwa limetangulia jingine iwapo tu kuna ujumbe, au mfululizo wa ujumbe, uliotoka la kwanza ukafika la pili. Yasiyounganishwa hivyo hayana mpangilio kati yao. Aristotle alizungumzia mambo yenyewe. Kusubiri kwa programu ni suala la kujua. Ndiyo maana fundi makini huandika "haijulikani" mahali pa "hajalipa", na huuliza upya kabla ya kumtoza mteja mara ya pili.