MWENYE KULIJUA JIWE NA MWENYE KULIBEBA



Ijumaa hii tuseme juu ya mawe, maana wengi wetu wa Kapolowe na Likasi ni mawe ndiyo yanayotulisha. Swali ni hili: mtu akikijua kilichomo ndani ya jiwe, na mwenzake anayelibeba hakijui, je, mwenye kujua ana deni?

Zamani huko Ujerumani wachimbaji walitoa jiwe wakidhani lina fedha. Wakilichoma, fedha hakuna, ni moshi wa sumu tu na watu wanaugua. Wakasema ni shetani wa mgodini, jina lake kobold. Kumbe ilikuwa arseniki. Mnamo 1735 hivi Georg Brandt wa Uswidi akaonyesha kwamba mna metali mpya ndani yake, na jina la shetani likabaki: ndiyo kobalti yetu hii. Tusiwacheke. Hata kwetu mchimbaji akikohoa sana, wako wanaotafuta mlozi kabla ya kuuliza habari za vumbi.

Sasa tuje Shinkolobwe, hapa jirani. Mjerumani Klaproth aliitambua urani mwaka 1789. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua radiamu ndani ya jiwe la urani. Jiwe la Shinkolobwe lilionekana 1915, na tangu 1922 Union Minière ilitoa radiamu yake kule Olen, Ubelgiji. Gramu moja iliuzwa makumi ya maelfu ya dola. Wazee wetu waliyachagua mawe hayo kwa mikono na kuyatia katika magunia.

Mtu atasema: Imamu, hata wakubwa wenyewe walikuwa hawajui. Kwa miaka ya kwanza nakubali. Marie Curie mwenyewe alikufa 1934 kwa ugonjwa wa damu, na wengi wanasema ni mionzi iliyomuua. Lakini kufika 1928 magazeti ya Marekani yalikwisha kuandika habari za wasichana waliopaka radiamu kwenye saa, mifupa ya taya ikawaoza. Tangu hapo mwenye kusoma hana udhuru. Mbeba gunia hasomi magazeti ya Marekani; anangoja kuambiwa na aliyemwajiri. Katika fiqhi yetu, muuzaji anayeficha aibu ya kitambaa amekosa. Seuze aibu inayoingia kifuani mwa mtu!

Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo New York, Wamarekani wakalinunua 1942, na bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 sehemu kubwa lilitoka humo. Hiyo ilikuwa siri ya vita. Mimi inayonisumbua ni siri ya ugonjwa.

Januari 2004 serikali ilifunga Shinkolobwe. Julai mwaka huohuo shimo likaanguka, watu 8 wakafa, maana vijana walikuwa bado wanachimba kobalti humo.

Leo mchimbaji anafika na gunia kwa mnunuzi. Mnunuzi anaelekeza ile mashini wanayoiita Metorex, inasoma asilimia. Mchimbaji haonyeshwi namba, au anaiona na hajui maana yake. Ninyi wanunuzi mlioketi safu ya mbele, mnamgeuzia mashini aone? Baada ya swala kijana wetu anayesoma kemia atakaa barazani kufundisha kuzisoma namba hizo. Wachimbaji njooni, na wanunuzi pia.