Kisiwa Hakingoji: Mfangano na Haki ya Anayerejea Makao ya Utotoni

Katika fasihi ya Afrika Mashariki, kama ilivyo katika fasihi za kwingineko, kisa cha kuyarudia makao ya utotoni aghalabu husimuliwa kwa jicho la yule aliyeondoka. Yeye ndiye hushuka chomboni, akaangaza huku na huku, akapima kilichopo kwa kilichokuwapo, kisha akasikitika. Waliobaki huonekana kwa mbali tu, kama sehemu ya mandhari: wamezeeka, wamefariki, wamebadili desturi. Wahakiki wameizoea hali hii kiasi cha kutouliza swali la kimaadili lililo wazi mbele yao, nalo ni hili: anayerejea ana haki gani ya kudai kwamba mahali alipopaacha pangemngoja? Swali hili lina uzito wa pekee kisiwani Mfangano, kwa kuwa huko kilichobadilika si nyumba na miti tu, bali hata lugha ambayo kwayo utoto wenyewe ulisemwa.

Mfangano ni kisiwa cha milima katika Ziwa Viktoria, sehemu ya Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, na abiria hukifikia kwa mashua kutoka Mbita. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao simulizi zao huwataja mababu waliovuka ziwa kutoka upande wa Buganda yapata karne ya 18. Lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu. Kwa vizazi kadhaa sasa lugha hiyo imekuwa ikiipisha Dholuo, na UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Hapakuwa na amri ya mfalme wala vita. Mama aliyeolewa kisiwani kutoka kwa Wajaluo aliwabembeleza wanawe kwa lugha aliyoijua; mvuvi aliuza kwa lugha ya mnunuzi; kanisa na shule vilitumia lugha ambayo vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kuchapishwa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na hakuna hata moja iliyokuwa na sura ya usaliti.

Na achukuliwe mtu aliyezaliwa huko katika miaka ya 1950, akaondoka kwa ajili ya masomo na kazi, akarejea baada ya kustaafu. Jambo la kwanza litakalomgutusha huenda likawa samaki. Utotoni mwake ziwa lilijaa fulu, samaki wadogo wa aina nyingi mno, ambao hata mtoto aliweza kuwavua kando ya mawe. Na ngege ndiye aliyekuwa samaki wa kumwandalia mgeni. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliletwa ziwani kutoka nje katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametamalaki, na mamia ya aina za fulu zilikuwa zimetoweka au kuadimika. Viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wakazi wengi wa pwani za ziwa wakabaki kununua mgongo wazi, yaani mifupa iliyosalia baada ya nyama kuchunwa. Miaka ya 1990 ikaleta gugumaji. Mrejeaji husimama ufukweni akasema kwamba hata ziwa si lile. Asemalo ni kweli. Lakini mbuta huyo anayemchukia ndiye aliyelipa karo za watoto wa waliobaki, pengine wakiwamo wapwa wake mwenyewe, katika miaka ambayo barua zake kutoka mjini zilikuwa haba.

Kuhusu lugha, kesi ni ngumu zaidi. Mrejeaji anapowasikia vijana wa Sena wakisemezana kwa Dholuo huhisi kana kwamba ameibiwa. Nani mwizi? Nyumbani kwake Nairobi au Mombasa watoto wake husema Kiswahili na Kiingereza, na Kisuba amekihifadhi moyoni kama hati ya shamba asilolilima. Kisiwa kilichukua vizazi kadhaa kuihama lugha yake. Nyumba yake ilichukua kizazi kimoja. Anawashtaki wengine kwa kosa ambalo yeye amelitenda kwa haraka zaidi, na hukumu yake ina nguvu kwa sababu moja tu, kwamba mabadiliko ya nyumbani kwake ameyaita maendeleo na ya kisiwani ameyaita upotevu.

Hata hivyo, si haki kumdhihaki. Waliobaki waliyalipa mabadiliko kwa awamu, neno baada ya neno, msiba baada ya msiba, hata wasione siku ambayo deni lilikamilika. Yeye hulipa kwa mkupuo. Ndiyo maana huiona jumla ambayo mkaaji wa kila siku hawezi kuiona, na ushahidi wake juu ya jumla hiyo una thamani. Kosa huanza pale shahidi anapojipandisha kiti cha hakimu, jambo ambalo riwaya za kurejea hulitenda mara nyingi kuliko wahakiki wanavyokiri.

Kwamba huzuni ya kurejea haimhitaji mshtakiwa huthibitishwa na historia ya visiwa vya Ssese, kaskazini-magharibi mwa ziwa hilohilo. Malale yalipoua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa visiwa hivyo kufikia mwaka 1909, na ruhusa ya kurudi haikutolewa ila baada ya takriban muongo mmoja. Waliorudi walikuta msitu. Hakuna jirani aliyebadili desturi, kwa maana hapakuwa na jirani. Na bado mahali hapakungoja.

Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana na asiweze kurejea hadi mwaka 1984, amelichunguza suala hili kwa ukali usio wa kawaida. Katika riwaya yake Admiring Silence (1996), msimulizi asiye na jina amemtungia mwenzi wake Mwingereza, Emma, hadithi za uongo kuhusu kwao. Anaporejea Zanzibar anakuta vyoo vilivyoziba na familia inayomtafutia mchumba, na hapo hudhihirika kwamba huko nako alikuwa ameficha: jamaa zake hawajui kuwa ana Emma wala kuwa ana binti. Uzuri wa riwaya hii ni kwamba haimruhusu mrejeaji kuwa mwaminifu pekee katika mji uliooza. Uoza upo, na mwandishi hauonei haya; lakini mwenye kuutazama naye amewaghushia watu wa pande zote mbili za bahari.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na methali hii ndiyo silaha ya kwanza ya yeyote anayetaka kuwakemea vijana wa Mfangano. Ubaya wake ni kuidhania asili kuwa kitu kilichosimama. Huko Mawanga na Kwitone, kisiwani humohumo, kuna michoro ya miviringo myekundu na myeupe juu ya miamba. Michoro hiyo hunasibishwa na Batwa, wawindaji waliokuwapo kabla ya Abasuba. Wachoraji wametoweka, na maana waliyoikusudia imekwenda nao. Abasuba walioikuta hawakuiacha ikiwa bubu: mahali pa Mawanga walipahusisha na ibada za kuomba mvua, na miamba ikapata heshima mpya kutoka kwa watu ambao hawakuwa watoto wake. Kama Mtwa mmoja angefufuka akarejea, bila shaka angelalamika kwamba mvua haikuwamo katika picha yake.

Upande wa kusini wa ziwa, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi mwandishi ambaye baada ya masomo ya seminari alirudi kwao, na maisha yake mengi yakapita huko. Aniceti Kitereza (1896–1981) alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, masimulizi marefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, yanayosawiri maisha ya kisiwani kabla ya ukoloni. Yeye hakuhitaji mashua ili aione dunia ya utoto wake ikiondoka. Aliitazama ikiondoka akiwa mlangoni pake. Katika kazi hiyo hakuna mrejeaji anayeshangaa wala mkaaji anayekaripiwa, ila kazi za shamba, ulevi wa pombe ya ndizi, dawa za uzazi na adabu za wakwe, zikielezwa kwa subira ya mtu asiyetarajia kurudishiwa kitu. Muswada ulisubiri miaka 35. Uliochapishwa mwaka 1980 haukuwa wa Kikerewe, bali tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki.