Je, Kishona Nguo Kimeumbwa Bure?



Ukikatiza kiwanja kilicho wazi hapa Kawempe, utatoka na vijisindano vyeusi vimeganda kwenye kanzu au jilbabu. Ni mbegu za mmea ambao Waganda huuita ssere, na Waswahili kishona nguo. Huota, hutoa maua madogo yenye kitovu cha njano, hukauka na kufa, na mbegu zake husafiri kwa kung'ang'ania nguo za watu na manyoya ya wanyama. Sisi tunauita gugu.

Lakini Aal Imran, aya 191, inatufundisha kwamba wenye akili huutafakari uumbaji na kukiri kuwa haukuumbwa bure. Je, kishona nguo nacho kimo?

Wengi hujibu upesi: kimo, kwa kuwa ni dawa. Kweli, majani yake hukamuliwa juu ya jeraha bichi ili damu ikate, na machanga huliwa kama mboga. Jibu hilo ni zuri, ila halitoshi. Linamfanya binadamu kuwa mizani: kinachonifaa kina thamani, kisichonifaa ni bure. Je, nikipata bandeji dukani, mmea umepoteza thamani yake?

Al-Israa, aya 44, inatupa mizani nyingine: hakuna kitu kisichomsabihi Mola wake, ingawa sisi hatuifahamu tasbihi hiyo. Ndiyo maana Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, alieleza kuwa ni makuruhu kung'oa majani mabichi makaburini, kwa kuwa yangali yanamsabihi Allah. Hapo hakutaja dawa wala mboga.

Atatokea wa kusema: Al-Baqara, aya 29, inaeleza kuwa vyote vilivyomo ardhini vimeumbwa kwa ajili yetu. Sawa. Mkulima ana haki ya kupalilia mahindi yake. Lakini ruhusa ya kutumia si ruhusa ya kudharau.

Basi kabla ya kufyeka tujiulize haja ni ipi, na tufyeke penye haja tu. Tukiparua uwanja mzima kwa sababu majani yanatukera, mvua itaubeba udongo hadi mitaroni, na jirani wa bondeni ndiye atakayefurikiwa. Tena, aliyezoea kukiita kiumbe "bure" kwa kuwa hakimfai, hachelewi kumwita hivyo binadamu mwenzake.

Wallahu a'lam.