Mwingize Punda Wako Ndani, Leo!

Ndugu yangu wa Bweri, na wewe wa Bunda, na wewe wa Butiama, sikia! Wingu limetanda juu ya ziwa. Masika yamefika. Na punda wako mzee bado amefungwa mtini!

Usiniambie hujui. Umemwona akitetemeka asubuhi, umeziona mbavu zikihesabika, umemwona akitafuna mabua na kuyatema mabonge mabonge. Umeona, ukasema: nikishapalilia. Nikishauza mahindi. Nikishapata mabati.

Mvua haingoji mabati!

Punda asili yake ni nchi kame. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mvua humpenya hadi kwenye ngozi, na upepo wa ziwani humalizia. Kijana hustahimili. Mzee aliyekwisha nyama mgongoni hukohoa, huanguka, hafiki Juni. Utasema baridi ya Musoma si baridi. Lala wewe nje usiku mmoja wa Aprili, umelowa, tumbo tupu, kisha uje tuzungumze!

Inuka basi! Kata miti, ezeka nyasi, ziba upande wa ziwani. Mwaga changarawe chini, tandika majani makavu, yakilowa yatoe. Kwato zinazoshinda kwenye tope hulainika, hunuka, huoza. Zichokonoe kila jioni! Ukikuta msumari, usilale nao: tundu dogo la kwato latosha kuingiza pepopunda.

Na kile kinywa! Meno ya punda huendelea kuchomoza kadiri anavyoyasaga, na yakisagika vibaya huacha ncha kali zinazochana ulimi na mashavu. Ndiyo maana anatema. Si kiburi, si uvivu, si uzee tu kama unavyojifariji. Mwite afisa mifugo ayasawazishe, na hapo katikati mpe pumba iliyoloweshwa, nyasi laini, maji safi. Punda anayesusa chakula si wa kungojewa wiki: mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu, yakamwua kabla hujapata nauli ya kumfuata daktari.

Mpunguzie! Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, ndugu yangu, juu ya mgongo wenye vidonda. Yafanye mawili. Kisha mzigo mwachie punda kijana.

"Punda afe, mzigo ufike!" Tunalisema huku tunacheka. Katika Biblia, punda wa Balaamu alifunguliwa kinywa, akamuuliza bwana wake amemkosea nini hata apigwe mara tatu. Wako hatasema. Punda huficha maumivu mpaka siku ya mwisho, na wewe unauita ukimya huo afya!

Halafu yupo yule atakayekuja na noti mkononi: mzee huyu, nikuondolee hasara. Unajua anakompeleka! Ngozi huchemshwa, hugeuzwa dawa ya kuuzwa China, na kwa ajili hiyo punda wa Afrika walichinjwa mpaka Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakaridhia marufuku. Wewe utamuuza gizani? Au utamfungulia tu azurure barabara ya Makutano mpaka lori limkute? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Ila hukuhitaji Bunge likuambie hili.

Kama hawezi tena kuinuka, mwite daktari wa mifugo ammalize bila mateso. Nayo ni huruma, wala usiione aibu. Lakini anayesimama, anayetafuna, anayegeuza masikio ukipita, muda wake haujaisha!

Panga liko wapi? Kamba iko wapi? Majirani wako wapi? Usiseme Jumamosi! Banda litakwisha kesho. Radi inanguruma sasa. Mfungue pale mtini, umwingize hata jiko la nje, na mama watoto akigomba, agombe!