Je, Kuchanjwa ni Kukosa Imani?

Somo: 2 Wafalme 20:1-7, Luka 4:9-12



Chanjo ya korona ilifika Kenya Machi 2021. Mwezi uliofuata mzee mmoja wa ushirika wetu kule Bungoma alinipigia simu hapa Kitale. "Pasta, watu wa rika langu wanaitwa. Nichanjwe ama niache?" Nikamjibu haraka, "Baba, sisi tumefunikwa na damu ya Yesu." Akasema amina.

Juni, Bungoma na Trans Nzoia zikawa kati ya kaunti 13 zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni, manake ugonjwa ulikuwa umechacha. Mzee akalazwa, akawekewa oksijeni. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Kwa muda mrefu nilijifariji hivi: si hata waliochanjwa walikufa? Ni kweli, wako waliokufa. Lakini hesabu yangu ilikuwa mbovu. Waliochanjwa mapema wengi walikuwa wazee na wenye sukari na presha, kwa hivyo ni lazima ulinganishe mzee na mzee mwenzake. Madaktari wa nchi nyingi walipolinganisha hivyo, waliona waliochanjwa walifika wadi wachache zaidi, na hata wakishalazwa, walitoka hai wengi zaidi.

Sisi wakulima tunalielewa jambo hili. Mbegu ya dukani imepakwa dawa, na bado nyingine haioti. Nani amewahi kusema, kwa sababu hiyo, msimu ujao atapanda mahindi ya ghalani? Tunaiombea mbegu na bado tunanunua iliyotibiwa. Kumbe imani yetu haigombani na dawa ikiwa shambani, inagombana nayo ikifika mkononi!

Halafu kuna shuhuda zetu. Ndugu husimama madhabahuni aseme, "Sikuchanjwa, na Bwana aliniponya." Tunapiga vigelegele, na ni haki. Lakini aliyekataa chanjo akafa hawezi kuja kushika maiki. Tukisikiliza waliopona peke yao, tutadhani wote walipona.

Hezekia alikuwa ameshaahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Tini hazikuifuta ahadi. Naye Bwana wetu, juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujirusha ili malaika wamdake. Kuruka vile kungekuwa kumjaribu Mungu, wala si kumwamini.

Sisemi chanjo ingemwokoa yule mzee kwa hakika. Hakuna anayeweza kuapa hivyo kwa mtu mmoja. Nasema nilimfungia mlango ambao haukuwa wangu. Imani ninayoweza kuiweka rehani ni ile ya mapafu yangu mwenyewe. Mimi niliweka rehani pumzi yake, nikaiita imani.

Baadaye nilienda kwa mjane wake nikatubu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, alikuuliza wewe kwa sababu alikuamini." Neno hilo bado linaniamsha usiku.

Mpendwa, mtu akikuuliza swali kama lile, mwombee. Halafu mshike mkono, umpeleke zahanati.

Tuombe: Bwana, utusamehe tulipotumia jina lako kuficha kutojua kwetu. Tufundishe kuamini bila kukujaribu. Amina.