Basi la Shule na Moyo wa Mtoto

Mtoto wa miaka 4 anayeamshwa saa 11 alfajiri ili basi la shule lisimwache, asipolala mchana, ilimpasa awe amelala tangu saa 1 usiku. Saa hiyo, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mama yake bado amesimama kwenye daladala, baba amekwama kwenye foleni, na chakula cha usiku hakijaiva.

Hesabu hiyo inatokana na mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2019. Mtoto wa miaka 3 au 4 anatakiwa kulala jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Anatakiwa kucheza na kuhangaika huku na huko kwa angalau dakika 180, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Simu na runinga zisizidi saa moja. Aliye chini ya miaka 2 asiwekewe kabisa.

Mtaani kwetu nawaona watoto hao kila asubuhi giza halijaondoka. Sare imenyooshwa pasi, soksi nyeupe, kichwa kimeegemea dirisha na kugonga kioo kila basi linapovuka tuta, na mtoto hazinduki. Matroni humkalisha vizuri, naye huanguka tena upande uleule. Wapo wanaomsifu kwamba ameanza bidii mapema. Mimi naona mtoto aliyenyimwa usingizi, na inaniuma.

Tukiwa na watoto wadogo tunaogopa homa, kuhara na degedege, na tuna haki ya kuogopa. Presha tunaihesabu kuwa ugonjwa wa babu. Lakini katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, Dkt. Gerald Berenson na wenzake walianza mwaka 1973 kufuatilia afya ya moyo ya watoto. Baadaye waliichunguza mishipa ya watoto na vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali, wakakuta michirizi ya mafuta imeshaanza kujipanga ndani yake, hata kwa walio wadogo sana. Waliokuwa na uzito uliopitiliza, presha ya juu na lehemu nyingi ndio waliokutwa na michirizi mingi zaidi. Bogalusa ni mbali, ila soda, chipsi na kukaa kutwa nzima vimeshatufikia.

Usingizi unaingia hapa: mtoto akilala fofofo, mapigo ya moyo hupungua na presha hushuka. Moyo haulali, kwa hiyo nafuu yake ni hiyo. Akilala kidogo, kesho yake hula ovyo na kutamani vitamu. Akikimbia, moyo huzoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja.

Akimbilie wapi sasa? Rede inataka mchanga mtupu, kombolela inataka vichochoro vya kujificha. Kiwanja kimejengwa fremu za maduka, na uani limeegeshwa gari. Nje kuna bodaboda zisizopunguza mwendo, ndiyo maana dada wa kazi anaagizwa asimfungulie mtoto geti. Dada ana nguo za kufua na chakula cha kupika, basi anampa mtoto simu. Nimemwona mtoto ambaye haingizi kijiko cha uji mdomoni mpaka katuni ianze. Ikizimwa, meno yanafungwa. Simsemi dada huyo hata kidogo. Siku ya mtoto tumeipanga sisi wazazi, na simu imekuja kuziba nafasi tuliyoiacha wazi.

Mwongozo huohuo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto asifungwe mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba mtoto mchanga asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Hilo halihitaji fedha, ni mkeka tu na mtu wa kumwangalia.

Katika mikutano ya wazazi tunajadili ada, sare, mahafali na Kiingereza. Ulizeni basi linaanza kuzunguka saa ngapi, na kwa nini wa chekechea wapande pamoja na darasa la saba. Ulizeni uwanja uko wapi. Na kama karibu na nyumbani ipo shule ya kwenda kwa miguu, hata isiyo na jina kubwa, mtoto wangu wa miaka 4 ningempeleka hiyo, alale mpaka kupambazuke.